Bamia Iko Mdomoni

Jirani yangu akikaa kimya, watu wa mteremko wetu walijua ama amelala, ama anaotesha bamia. Sababu nyingine haikuwapo. Nimeishi naye mfereji mmoja katikati, shamba lake ng'ambo ile na letu ng'ambo hii, tangu nilipoolewa mpaka wanangu walipooa, na sikumbuki ugonjwa wala msiba wala hasira iliyowahi kumfunga mdomo. Hasira ndiyo kabisa ilimfungulia.

Jina lake sitalitaja. Aliwahi kuniambia nisiwe nalitumia ovyo kila ninapopungukiwa chumvi, na kwa kuwa nilimtii mara chache sana maishani, acha nimtii kwa hili. Nitamwita Jirani. Alikozaliwa na nani walikuwa wazee wake, kawaulizeni watu wanaopenda mambo ya koo. Mimi nilimkuta tayari mwanamke mzima, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa kijiji kingine, na kitu nilichomjua nacho kuliko kingine ni mashavu yake.

Nieleze habari ya mashavu, maana mgeni hawezi kuelewa.

Wakati ule wa Mwingereza, huku kwetu Meru kila nyumba ilikuwa na kahawa na migomba. Bamia haikuwa mboga yetu. Ilikuwa mboga ya Wahindi wa mjini, na aliyempa Jirani mbegu za kwanza alikuwa mama mmoja wa dukani pale Arusha ambaye walikuwa wakigombana kila siku ya soko na kupelekeana vyakula kila sikukuu. Sasa bamia inataka joto, na sisi tuko kwenye baridi ya mlima. Mbegu yake ni ndogo, ya duara, ina ganda gumu ambalo ukilikanyaga kwenye sakafu linakutelezesha wewe. Ukiifukia kavu kwenye udongo wetu wa masika, inajifungia ndani inasubiri kusikia kama joto limefika. Mara nyingi inaoza kabla ya kusikia.

Jirani alikuwa na dawa yake. Alichukua kila mbegu, akaigeuza kwa ulimi mpaka kitovu chake kikae ndani, maana mche hutokea upande wa kitovu, halafu kwa jino la mbele akaling'ata ganda upande wa pili. Kidogo tu, mpaka asikie limelegea. Yeye aliita kuuma kwa adabu. Ukiuma zaidi umeua, ukiuma pungufu umepoteza asubuhi yako. Iliyokwisha kuumwa aliisukuma shavuni, akashika nyingine. Akijaza shavu la kulia anahamia la kushoto. Zikishajaa anakaa nazo humo, zinakunywa mate na kupata joto, mpaka jua liupashe udongo mchana, ndipo anakwenda kuzipanda akizitoa moja moja kutoka kinywani kwenda shimoni. Alishika imani kwamba mbegu iliyotoka mdomoni ikapigwa na upepo, hata kwa muda wa kupiga chafya, inafunga tena na haifunguki ng'o. Kwa hiyo hazitoki mpaka shimo liwe tayari, hata akija nani.

Na ziliota. Ukingo wake wa bamia ulisimama kando ya mfereji umejipanga vizuri kuliko kwaya yetu.

Kwaya yenyewe nayo ilimfahamu. Jirani aliimba sauti ya pili, lakini kwa nguvu ya sauti zote, na mwalimu wa kwaya, mtu mpole sana, aliwahi kuomba hadharani Mungu abariki kilimo cha mboga. Zoezi la Jumamosi likikutana na siku ya kupanda, Jirani alikuja vilevile, akasimama mahali pake, mashavu yamevimba, akatikisa kichwa kufuata wimbo. Mwalimu alisema hizo ndizo siku ambazo tuliweza kusikia wengine.

Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe bamia hakuila. Ukimpikia anasogeza sahani. "Mimi nile kitu kinachoteleza chenyewe, hata ruhusa hakiombi?" Alizilima kwa sababu zilikuwa ngumu kulima, nadhani. Migomba aliidharau. Alisema mgomba ungeota hata ukiupandia juu ya meza.

Alikuwa mchoyo wa moto na karimu wa miche. Ukienda kuomba kaa la moto asubuhi atakuuliza kwako mlikuwa mnafanya nini hata moto ukazimika, na jibu lolote utakalotoa litafika kanisani kabla yako. Lakini miche ya nyanya, ya sukuma, ya mnavu, ilikuwa ikitupiwa ng'ambo ya mfereji hata usipoomba, imefungwa kwenye jani la mgomba, ikifuatana na matusi madogo kuhusu namna tulivyopanda ile ya mwaka jana. Wajanja walikuja kumwazima jembe siku za bamia, wakijua hawezi kusema hapana. Hawakumjua. Alikushika mkono taratibu, akakusindikiza mpaka kwenye geti la miti, akakutoa nje, akalifunga. Nimemwona akimfanyia hivyo mzee wa kanisa.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, nilipokuwa sijui lolote, nilimsalimia shikamoo mama akanitazama tu. Nikarudia. Akainua nyusi. Nikakimbia kumwambia mama mkwe kwamba jirani amepigwa kiharusi, na mama mkwe, Mungu amsamehe, akaniacha niende kuwatangazia wanawake wa mteremko mzima. Wakaja na vibuyu na sufuria za loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa ya mgando, wakamzunguka, mmoja akaanza kuomba kwa machozi. Jirani akakaa pale katikati, hawezi kukana, hawezi kula, loshoro inapoa mbele yake. Mchana ulipofika akainuka, akaenda kupanda, akarudi, akakaa, akala loshoro ya kila chombo, akafuta mdomo, ndipo akasema, "Nani mwenye habari za kiharusi?" Wote wakanigeukia. Kuanzia siku hiyo akaniita Bibi Arusi, na hakuacha hata nilipokuwa na wajukuu.

Usidhani alijua kila kitu. Alijaribu dawa ile ile kwa maharage, na maharage yakavimba shavuni mpaka mumewe akalazimika kuyatoa kwa kidole huku amemwegemeza mkewe kwenye mlango. Mbegu za vitunguu alizimeza. Nikimwuliza kwa nini asiloweke tu kwenye maji ya vuguvugu kama binadamu wengine, alinijibu kwamba maji yanapoa na mdomo haupoi. "Wako hasa," akasema. "Lakini wewe bamia hutaiweza kamwe, Bibi Arusi. Mdomo wako hautulii."

Hilo siwezi kukataa. Mimi nina mdomo. Na mtu kama yeye kuniambia hivyo kuliniuma sana.

Kisha akaja Bwana Shamba. Alikuwa kijana wa kutoka Machame, soksi zimepandishwa mpaka magotini, ametumwa na boma kutufundisha kilimo, akatukusanya nyuma ya kanisa. Akatoa kopo la mafuta ya taa lililooshwa, akatia mchanga mkavu wa mtoni, akatia mbegu za bamia, akafunga, akalitikisa. Akasema mchanga unalikwaruza ganda, kisha unaloweka usiku mmoja kwenye maji yaliyopoa kidogo kutoka motoni, kesho unapanda. Jirani alikuwa amesimama mbele, mikono kifuani.

"Huo mchanga," akauliza, "unajua mahali pa kuacha?"

"Unaacha mkono wangu unapoacha, mama," Bwana Shamba akasema.

Watu wakasubiri. Jirani akafungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza kunyamaza bila bamia. Na nisiwe mnafiki, bamia za Bwana Shamba ziliota vizuri tu pale nyuma ya kanisa, sawasawa na za Jirani, na hazikumzuia mtu kusalimia. Alituachia lile kopo. Jirani alilichukua kabla ya mtu mwingine, akasema atawekea chumvi. Miezi mingi baadaye bado alikuwa akizungumza peke yake akipalilia, akitafuta jibu ambalo angempa yule kijana.

Mumewe alikuwa mtu wa maneno machache, kwa sababu ya kukosa nafasi. Msimu wa bamia aliuita likizo yake. Lakini Jirani aliniambia siku moja, tukichambua mbegu, kwamba yule mwanamume mambo yake yote makubwa alimwambia akiwa na bamia mdomoni. Alipotaka kujenga nyumba ya bati, alisubiri bamia. Alipomsamehe kwa jambo fulani ambalo sikuambiwa, alisubiri bamia. Na kuna asubuhi moja alikaa kando yake kwenye kigoda, akamwambia kwamba angeulizwa tena achague mke, angepita njia ile ile na kubisha hodi nyumba ile ile.

"Ukamjibu nini?" nikauliza.

"Ningemjibu nini na mashavu yamejaa? Nilipomaliza kupanda alikuwa ameshaondoka na mbuzi." Akachambua kidogo. "Mjanja sana yule."

Mumewe akafa mwanzoni mwa masika, ghafla, kwenye kahawa yake. Na hapo ndipo bamia ikawa si mchezo.

Kwetu mfereji una sheria zake, za zamani kuliko boma. Maji yanagawanywa kwa zamu, na mwenye kuzisimamia ni Mzee wa Mfereji. Mwenye shamba ambaye ukingo wake wa mfereji hauna kitu kibichi hana zamu, hata kama ndani ana kahawa na mboga. Maji yake anapewa mwingine mwenye mimea. Sheria nzuri, haina ubaya. Lakini mfiwa hawezi kukaa na mashavu yamejaa mbegu wakati watu wanampa pole. Inabidi ajibu. Wakaja watu wa kwao, wa kwa mumewe, wa kanisani, na kila mmoja akataka kusimuliwa upya marehemu aliamkaje siku ile. Jirani akasimulia, akasimulia. Katikati ya pole hizo mvua zikaanza, akashika mbegu kavu, hakuuma hata moja, akazifukia harakaharaka ukingo mzima, akarudi kupokea wageni. Zikaoza zote. Wageni walipokwisha ukingo ulikuwa udongo mtupu, na kopo lake la mbegu lilibaki na kiasi cha kujaza mashavu mara moja tu. Yule mama wa dukani alikuwa amekwenda kwao Bara Hindi kuozesha binti. Mbegu nyingine zisingepatikana mwaka ule.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa na kahawa changa chini ya ukingo ule, na alikuwa akiutazama udongo mtupu kila anapopita. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kahawa, na watu wa kahawa humalizwa na kahawa. Akaenda kwa Mzee wa Mfereji kuomba zamu ya shemeji yake. Jirani alikuwa na mabinti tu, wote wameolewa mbali, kwa hiyo angejitetea mwenyewe mbele ya kikao. Sheria nyingine ya mfereji ndiyo hii: mwenye shamba akiulizwa mbele ya kikao na asijibu, amekubali.

Siku ya kikao aliichagua shemeji. Alisubiri mpaka asubuhi moja alipompita Jirani uani na kumsalimia, na Jirani akainua nyusi. Basi akapiga mbiu kikao kiwe leo leo, palepale ukingoni.

Wazee wakaja na fimbo zao wakakaa kwenye nyasi. Wanawake tulikaa pembeni. Jirani akasimama kwenye udongo wake mtupu, kitambaa cheusi cha msiba kichwani, mashavu yamejaa mpaka macho yamekuwa madogo. Shemeji akaeleza hoja yake vizuri, kwa heshima, akimsifu marehemu kaka yake sana. Kisha Mzee wa Mfereji akamgeukia Jirani. Alikuwa mzee wa haki, ila aliishi juu kabisa kwenye chanzo cha maji na mambo ya mashavu hakuyajua.

"Mama, mwenzako anasema hapa hakuna kitu. Wewe unasema nini?"

Kimya.

"Mama, bamia iko wapi?"

Jirani akanyoosha kidole kwenye shavu lake.

Wazee wakatazamana. "Ameila?" mmoja akauliza. Mzee wa Mfereji akasema, kwa upole, kwamba kama mtu amekula mboga yake yote hilo haliwezi kuwa sababu ya kupewa maji. Jirani akanyoosha kidole shavu la pili. Mzee akasema amesikia, ameila yote. Shemeji akatazama chini, na mimi nilimwona mdomo wake ukicheza.

"Namwuliza mara ya mwisho," Mzee wa Mfereji akasema.

Nikamtazama Jirani. Angeweza kuzitema mkononi na kusema neno moja. Wewe ungefanya hivyo, na mimi pia. Lakini yeye aliamini zingefunga, na zikifunga ndiyo basi, hana nyingine, na bila bamia hana kitu kibichi, na bila kitu kibichi hana maji. Akiongea amepoteza, na akinyamaza amepoteza. Nilimwona machozi yakimlengalenga, yule mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akilia hata makaburini.

"Bamia iko mdomoni," nikasema.

Mwanamke kijana hazungumzi kwenye kikao cha mfereji. Mume wangu, aliyekuwa amekaa na wazee, akaanza kunitazama kwa jinsi ya kunieleza kwamba hanifahamu. Nikainuka. Nikaeleza kila kitu, kitovu, ganda, kuuma kwa adabu, mate, upepo. Nilieleza mpaka kiharusi na loshoro. Wazee wakaanza kucheka. Mzee wa Mfereji hakucheka. Akasema amezeeka akiona mengi, lakini zamu ya maji haitolewi kwa kitu kilicho mdomoni mwa mtu. Nani anajua kama kitaota?

"Zisipoota," nikasema, "chukueni na zamu yetu."

Mume wangu akaangusha fimbo. Zamu yetu ndiyo iliyokuwa ikinywesha kila tulichokula, mimi na yeye na watoto wetu, na nilikuwa nimeiweka kwenye mashavu ya mtu mwingine mbele ya mashahidi. Sikuwa nimekusudia. Ilitoka, kama yanavyotoka mengine yote kwangu.

Mzee wa Mfereji akafikiri, akasema basi, kikao kitarudi mwezi mpya ukionekana, kitu kibichi kiwepo. Shemeji akataka kusimama waondoke, ila Mzee akamwambia mwenye shamba bado hajajibu, na kikao hakivunjwi kabla hajajibu.

Jirani akasikia hayo. Akatazama jua. Akachukua kijiti, akatoboa shimo, akainama, akatoa mbegu moja kwa vidole viwili, akaifukia, akaipigapiga udongo. Kisha shimo la pili. Wazee wakakaa. Jua likawachoma vipara. Harufu ya chakula ikaanza kutoka majumbani. Alikwenda ukingo wote, mbegu kwa mbegu, wala hakuongeza mwendo, na sisi sote tulitazama mashavu yake yakishuka kidogo kidogo. Mtu wa kwanza kuelewa alikuwa shemeji. Alikuwa amechagua siku ambayo mdomo umejaa, na sasa mdomo ulikuwa unakwisha kujaa.

Jirani akafukia ya mwisho. Akanawa mikono kwenye mfereji, akasukutua, akajifuta. Akamgeukia shemeji yake.

Sitaandika yote aliyosema. Alianzia siku shemeji alipobebwa mgongoni na marehemu akiwa mtoto mwenye upele, akashuka naye mwaka kwa mwaka mpaka kwenye kahawa yake changa. Jua liliposogea kuzama upande wa Kisongo alikuwa bado hajafika kwenye harusi ya shemeji. Wazee waliomba ruhusa ya kwenda kula, wakanyimwa. Hatimaye Mzee wa Mfereji alisema jibu limepokelewa, akajiinua kwa fimbo, akaondoka akiwa bado anajibiwa.

Tulipobaki wawili nilidhani atanishukuru. Akaniambia, "Umeharibu habari ya kiharusi. Loshoro ilikuwa ya vyombo vingi kuliko ulivyosema."

Siku zile zilizofuata mume wangu hakusema nami sana. Kila asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye migomba, baridi ikakaa chini, na kila asubuhi nilikwenda ukingoni na kukuta Jirani amenitangulia, amechuchumaa, anapuliza pumzi yake kwenye udongo. Tukatazama udongo pamoja. Yeye alisema tu, "Rudi kwa watoto." Nilikuwa nikipika huku nikihesabu ndugu wa kwenda kuomba chakula kwao.

Mwezi ulikuwa umekonda kabisa asubuhi aliponiita. Aliniita kwa sauti ile ya ng'ombe wa kijiji kingine. Nikaruka mfereji na mwiko mkononi. Udongo ulikuwa umepasuka ukingo mzima, na kwenye kila ufa kulikuwa na kijani kimepinda mgongo, bado kimevaa ganda kichwani. Sehemu moja tu ilikuwa na pengo. Jirani akasema hiyo aliimeza, shemeji alipomsifu kaka yake. Nikakaa chini palepale nikalia, mwiko mkononi.

Kikao kiliporudi, Mzee wa Mfereji aliinama kutazama miche karibu sana hata kofia yake ikadondoka mferejini na kwenda na maji, na shemeji ndiye aliyekimbia kuifuata mpaka kwenye kahawa yake. Zamu ikabaki. Mwaka wa pili shemeji alikuja kuomba mbegu za bamia. Akapewa, na maneno yake.

Na shukrani? Hakuna. Miaka yote tuliyoishi kandokando hakuwahi kuitaja siku ile ila kunisahihisha.

Mume wangu alipofariki, mwanangu mkubwa alikuwa na kazi mjini, akanichukua nilee wajukuu. Zilikuwa siku za mwisho za Mwingereza, kila mtu akizungumzia uhuru. Nilikaa huko muda mrefu bila kupanda mlima, magoti yakinisumbua. Siku niliyopanda, nilimkuta Jirani kwenye kigoda mlangoni, mdogo kuliko nilivyomwacha. Nikamwamkia. Akanitazama. Nikarudia, yeye kimya. Nikajiambia safari hii ni kiharusi kweli. Akainua nyusi.

Nikakaa chini kwa kucheka. Alipotabasamu nikaona hana jino hata moja. Nikamwuliza sasa nani anaziuma? Akageuza macho kwa aibu kuelekea nyuma ya mlango. Palikuwa na kopo la mafuta ya taa. Nikalitikisa: mchanga. Kutu ya kifuniko ilionyesha halikuanza kutumika jana wala juzi, na chumvi halikupata kuiona.

Ndipo akafanya jambo ambalo hakupata kulifanya. Akatema mbegu zote kwenye kiganja, harakaharaka, akanishika taya, akanitilia mdomoni. Nilitaka kusema. Akainua kidole. "Ukitema zinafunga. Na mwaka huu sina nyingine."

Akajinyoosha kigodani.

"Sasa nisikilize, Bibi Arusi. Siku ile ulikuwa mjinga sana. Maji ya watoto wako unayawekaje kwenye mdomo wangu? Sikulala mpaka zilipoota. Unadhani nilikuwa nahangaikia bamia? Mimi mjane, ningekula popote. Nilikuwa nahangaikia vile vitoto vyako. Nilikuwa naamka kuzipulizia udongo, namwambia Mungu, usizioteshe kwa ajili yangu, mimi unanijua. Nilitaka kukwambia ahsante asubuhi ile ile ulipokuja na mwiko. Lakini wewe hunyamazi. Nikianza, unamalizia. Nikivuta pumzi, unaanza lingine. Miaka yote nimengoja unyamaze. Basi ahsante. Na ningeulizwa nichague jirani, ningesema niletewe yule mwenye mdomo."

Machozi yakanitoka na mashavu yamejaa. Jambo hilo ni gumu, jaribu uone. Akanionyesha ukingo kwa kidevu, jua lilikuwa limeshaupasha udongo. Nikaenda, nikachukua kijiti, nikainama na magoti yangu yale, nikapanda moja moja huku yeye akiendelea mlangoni: naweka mbali mno, nafukia chini mno, marehemu alikuwa mjanja sana, mbona sijamleta mjukuu. Nilimsikia ukingo mzima. Nami mbegu kwa mbegu nilikuwa napanga kitakachokuwa jibu langu, na nilikuwa nalo zuri.

Nikafukia ya mwisho, nikasukutua mferejini, nikageuka. Alikuwa kimya, kichwa kimeegemea mlango, mdomo wazi, anakoroma. Sikumwamsha. Nilivuta jiwe nikakaa kando ya kigoda chake, mdomo mtupu, nikamsubiri.